Kisutu Mlangoni pa Birika

Birika letu halikuwa chombo cha chai. Lilikuwa nyumba nzima, ya mawe na chokaa, nje kidogo ya Chake Chake ukishapita Gombani, na ndani yake mlikuwa na maji ya kumfika mtu mzima kifuani. Nalieleza mapema kwa sababu wajukuu zangu, nikiwaambia kwamba nilifanya dhambi yangu kubwa birikani, hucheka. Wao wanaona buli.

Nyumba yenyewe imeanguka paa zamani. Mara ya mwisho nilipopita niliona mipapai miwili imeota ndani, na mbuzi wa mtu amefungwa kwenye ngazi za kushukia majini. Sikuingia. Ndugu yangu niliyemkosea pale amekwishatangulia mbele ya haki, na mimi umri umenipita. Nisiposema sasa sitasema tena.

Lilijengwa na babu yangu, baba wa baba, wakati karafuu zilipokuwa zinawapa watu kiburi. Yeye alikuwa ameona nyumba za kuogea kwa jamaa zake Unguja, akarudi anataka yake. Akachimbisha kisima kirefu, akajenga mfereji wa mawe kutoka kisimani, na mfereji ukaingia ukutani na kumimina maji ndani ya bwawa la urefu wa hatua kumi na mbili. Madirisha hayakuwako, ila matundu ya juu, kupita kimo cha mtu yeyote, ili jua liingie na jicho lisiingie. Ukisema neno ndani linakurudia. Ukutani mlikuwa na vidaka vya kuwekea sabuni, liwa ya kujisugua na taa, na nje ya mlango palikuwa na baraza ya mawe ya watu kungojea zamu.

Ijumaa asubuhi lilikuwa la wanaume mpaka karibu na adhana ya adhuhuri. Siku zilizobaki lilikuwa letu, na sisi tulilitumia kwa kila jambo. Wachumaji wa karafuu walikuja kuosha mikono inayonata. Mzazi akitimiza arubaini aliletwa na mtoto wake. Bibi harusi aliogeshwa pale na somo yake, yule mwanamke mkubwa anayemfunza na kumsimamia, kabla ya kuingizwa nyumbani. Na mjane akimaliza eda, ile miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani, aliletwa kutolewa eda kwa maji yale. Mvua za mwaka zikishika wakati wa mavuno, magunia ya karafuu yalirundikwa kwenye kichumba cha kubadilishia nguo, na sote tulitoka kuoga tunanuka kama chai ya maulidi.

Kila mwezi tulifungua tundu la chini, maji yakaenda kwenye migomba, na wanawake wakaingia na makumbi, majivu na ndimu kusugua sakafu. Sijapata kuona kazi yenye kelele na furaha kama ile. Mama yangu, mwenye nyumba, alikaa ngazi ya juu miguu yake majini na kutupigia kelele kwamba tunasugua mahala pamoja.

Palikuwa na kanuni moja, na hii ndiyo inayonihusu. Wanawake wakiwamo, nguo ilitundikwa kwenye msumari mlangoni. Nguo yoyote, leso au upande wa kanga, ilimaanisha wanaume wapite mbali, na mwanamke mwingine aliyetaka kuoga alipiga hodi akaingia. Lakini ikitundikwa kisutu, ile kanga ya harusi, nyekundu na nyeusi na nyeupe, ilimaanisha bibi harusi yumo ndani na somo yake. Hapo haingii mtu, hapigi hodi mtu, wala haulizi mtu aliyemo ni nani wala atatoka saa ngapi. Bibi harusi hakimbizwi. Mama alitufunza hivyo tangu hatujaota meno ya pili, na sikuwahi kusikia mtu amevunja.

Huyo niliyemkosea alikuwa msichana mwenzangu, ndugu wa kunyonya. Mama yake alifariki siku ya nane baada ya kumzaa, na mama yangu, aliyekuwa na mimi wa miezi mitatu, akampa ziwa la pili. Baba yake alikuwa mkulima wa pale pale, akilima muhogo kwenye ardhi yetu na kuchuma karafuu zetu. Kwa dini yetu maziwa yale yalimfanya ndugu yangu kabisa, na kaka yangu akawa kaka yake, asiyeweza kumuoa maisha. Alirudi kwa baba yake alipoanza kutembea, lakini mchana wote alishinda kwetu, na jioni alibebwa amelala.

Tulijifunza kuogelea pamoja mle birikani. Wasichana wa Pemba tumezungukwa na bahari pande zote na wengi wetu hatujui kuelea, kwa sababu pwani kuna macho. Sisi tulijua. Yeye alijua zaidi. Aliweza kulala chali juu ya maji, mikono wazi, kifua kinapanda na kushuka, mpaka mama akaogopa na kumwita. Mimi nilizama nikijaribu vile, nikatoka napiga chafya na hasira. Nilikuwa mtoto wa mwenye birika na nilitaka kuwa mbele. Yeye alinicheka, kisha akaniwekea kiganja mgongoni mpaka nikaelea.

Nasema haya ili ijulikane nilimfanyia nani.

Mama alikufa miaka ile siasa ilipoingia Pemba. Walioishi watakumbuka, na wasioishi hawatasadiki. Watu waliacha kununua chumvi kwenye duka la mtu wa chama kingine. Gari la mbao lililokwenda Wingwi lilikuwa la chama kimoja, basi wa chama cha pili walikwenda kwa miguu, jua kali, mizigo kichwani, gari tupu likiwapita. Wanawake waliachwa kwa sababu ya kadi. Watu hawakuzikana. Kaka yangu alikuwa na kadi namba ndogo na alijivunia nayo kuliko alivyojivunia watoto wake. Mume wa ndugu yangu wa kunyonya, kijana mpole mvunja nazi, alikuwa upande mwingine, na upole wake uliishia penye siasa.

Siku ya hitima ya mama yangu ndugu yangu alikuja. Alipita mlango wa nyuma, akakaa jikoni na wapishi, akalia mpaka sauti ikamkauka. Wali ulipopakuliwa akainuka. Nilimfuata mpaka uani na sahani mkononi.

"Kula."

"Dada, siwezi. Mume wangu kanambia n'taingia, n'tasoma, n'tatoka. Wali wenu nisile."

"Wali wetu? Huu wali wa mama."

"Najua," akasema, na akaenda.

Nilibaki na sahani. Mama aliyemnyonyesha, wali wa hitima yake hakuuonja. Lile jambo lilinikaa kooni na sikutaka limezeke. Miezi saba baadaye mumewe akashikwa na homa, siku tano tu, akafa. Nilikwenda mazishini, nikakaa karibu na mlango, na ulipoletwa wali nikainuka nikaondoka. Nikajiambia sasa tuko sawa. Alikuwa amekaa pembeni na nguo zake nyeupe za eda na hakuinua uso, na mimi nilitaka ainue aone sahani yangu haijaguswa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na roho ya ukubwa wa punje ya mchele.

Nikiri na jambo jingine. Mimi wakati ule nilikuwa nimerudi nyumbani kwa talaka. Mume wangu alikaa nami miaka miwili akaniona mkali, na kweli nilikuwa mkali. Kumwona mwenzangu analiliwa na watu kwa kufiwa na mume aliyempenda, nami kwangu watu walishusha sauti nikipita, kulinipa wivu. Wivu wa mjane! Lakini ulikuwako.

Baada ya mama, birika likawa langu kulisimamia. Kaka alikuwa na shamba, mifugo na chama, na kisima alikiwekea mtu wa kulinda. Mimi nilikuwa na birika. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuwa na kitu ambacho watu wananijia kukiomba.

Kaskazi ya mwaka ule ilikuwa kavu. Visima vidogo vilikauka, na vya karibu na mikoko maji yake yakaingia chumvi. Cha kwetu hakikukauka. Katika siku hizo nikaletewa salamu na somo wa ndugu yangu, bibi mmoja wa Wingwi aliyemwogesha siku ya harusi yake. Eda inatimia Jumatano. Watakuja naye asubuhi, jua likishapanda. Mwenyewe ameomba maji ya birika na si mengine.

Nikajibu, "Karibuni." Nilijibu kwa moyo safi, naapa. Nilipolisikia lile ombi, kwamba hataki maji mengine, kitu kililainika ndani yangu, na hata nilianza kufikiri nitamtilia asumini majini.

Jumanne kaka akasikia. Alikuja hadi jikoni, mahala ambapo hakuwa na kawaida ya kufika.

"Nimeambiwa kesho watu wa chama kile wanakuja kuogeana kwetu."

"Ni ndugu yako, kaka. Anatolewa eda."

"Ziwa ni ziwa na chama ni chama. Walitususia hitima ya mama, leo wanataka maji yake? Mimi nawazuia watu kisimani, na dada yangu anawafungulia birika? Nitasimama wapi nikiwasemesha watu?"

"Nimekwishawaambia karibuni."

"Basi ni juu yako. Lakini ukiwafungulia, umenivunja."

Hakunipigia kelele. Hakunikataza, nikipima maneno yake leo. Alisema ni juu yako. Nimeitafuta miaka mingi njia ya kumtwisha yeye, na njia hiyo sikuipata.

Usiku sikulala vizuri, si kwa huruma bali kwa hesabu. Kumfungia mlango sikuweza, kwa sababu kumnyima mtu maji, tena wakati wa ukame, ni jambo la kutisha, kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani analijua. Kumwambia usije pia sikuweza, ningemtazamaje? Na kumvunja kaka sikuthubutu, nilikuwa nakula kwake. Basi nikaona nimepata hila isiyokuwa na dhambi. Sitanyima maji, sitasema usije. Nitatundika nguo tu.

Kisutu nilichotundika kilikuwa changu, cha harusi yangu. Nilikitoa kwenye sanduku baada ya sala ya alfajiri, kingali kinanuka udi, nikakipeleka nikakipachika kwenye msumari. Mlango niliurudishia tu, sikuufunga kwa komeo. Mtu angeusukuma kwa kidole ungefunguka. Ndani hamkuwa na mtu.

Nikapanda orofani nikakaa nyuma ya dirisha lenye vibao, penye kuona baraza ya birika.

Walikuja wanawake sita. Wanne walishika shuka juu kwa ncha zake na wa tano alikuwa chini yake, amefunikwa asionekane na jua wala watu, maana hakuwa ametoka nje tangu afiwe. Somo alitangulia na kikapu cha ukili kichwani. Walipofika mlangoni wakasimama. Niliwaona wanatazama kisutu. Somo akatua kikapu, akasema jambo, wote wakacheka kidogo kwa adabu, kama watu wanavyocheka penye harusi, wakakaa barazani kungoja.

Nilidhani watangoja kidogo, waone muda unakwenda, warudi zao. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yangu nzima. Sikuwa nimefikiria kwamba wangetii. Walikaa. Asubuhi baraza ile ina kivuli cha ukuta, lakini kadiri jua linavyopanda kivuli kinakwisha, na kufika saa tano walikuwa juani, miguu wameikunja, wamebanana kwenye utepe mmoja wa kivuli, na yule aliye chini ya shuka wamemweka katikati. Somo alitoa asumini kikapuni akazinyunyizia maji ya kunywa ili zisinyauke. Baadaye akazinyunyizia tena. Mara ya tatu hakuwa na maji.

Hapo nikashuka. Nilichukua mtungi na kata nikawapelekea maji ya kunywa. Nilijiambia nakwenda kukiondoa kisutu. Nilikuwa na neno tayari, nitasema bibi harusi amepitia mlango mwingine, japo mlango mwingine hapakuwa.

"Masalkheri," nikasema, saa sita haijafika, nilivyochanganyikiwa.

"Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie," somo akasema, akapokea kata. "Siye hatuna haraka. Ntu na harusi yake, nwachieni aoge kwa raha. Siku yake ni moja."

Yule bibi alikuwa na safari ya kurudi Wingwi kwa gari la watu wa chama chake, linalotoka mjini baada ya alasiri. Alikuwa na haraka kubwa. Sikuwa nimemwuliza, akanipunguzia aibu mwenyewe.

Kutoka chini ya shuka mkono ukatoka, ukapokea kata. Ulikuwa umekonda. "Ahsante, dada," sauti ikasema. Ilikuwa sauti yake ya utotoni kabisa, kwa sababu watu waliokaa kimya muda mrefu sauti zao hupungua. Msumari ulikuwa hatua mbili kutoka niliposimama. Nilihesabu mara nyingi baadaye, nilikwenda nikapima kwa miguu yangu. Hatua mbili, na mikono yangu ilikuwa mitupu, maana kata alikuwa nayo yeye.

"Bado kidogo tu," nikasema. "Wanamaliza."

Kabla ya hapo nilikuwa nimetundika nguo. Kuanzia hapo nilikuwa nimesema uongo kwa kinywa changu, mbele ya mjane, mchana kweupe. Nikachukua mtungi wangu nikapanda juu.

Adhuhuri iliadhiniwa wakasali pale pale kwa zamu, wanne wakishika shuka na mmoja akisali. Kuna mwanamke mmoja, mwenye umri wangu, aliusogelea mlango akategea sikio. Somo akamkemea, nikamwona anamvuta ukanda wa buibui, naye akarudi kukaa. Laiti angeusukuma. Nilishika vibao vya dirisha nikiomba Mungu ausukume anifedheheshe, na nikiomba pia asiusukume. Maombi yote mawili nilikuwa nayo mdomoni.

Alasiri walipoisikia wakainuka. Hawakuja kunishtakia, hawakuja kuniuliza. Walimsimamisha, wakashika shuka, wakarudi njia waliyokuja nayo. Somo hakukitazama kisutu mara ya pili. Asumini walizimwaga chini ya ukuta.

Yaliyofuata sikuyaona, niliyasikia kwa wanawake wiki ile ile, wakiyasimulia jikoni kwetu kwa masikitiko na mimi nikichambua mchele. Walimwogesha uani kwao, nyumba yao ikiwa kando ya barabara na ua wake wa makuti umechakaa. Walishika kanga kumzunguka. Maji yalikuwa ndoo mbili za kisima cha mikokoni, ya chumvi, sabuni haikutoa povu hata moja, na liwa ikamganda mwilini kwa mabonge. Wanaume walikuwa wanapita kutoka msikitini. Upepo ukainua kanga moja. Mmoja akacheka, au akakohoa, wanawake walibishana ni lipi. Yeye aliinama akajikunja kama mtu anayeumwa tumbo, na somo akammwagia ndoo ya mwisho hivyo hivyo, akiwa amejikunja, kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi mjini. Akatoka eda na nywele zenye chumvi.

"Basi lakini," mmoja akasema, "ilikuwa bahati mbaya. Ni nani kwani alokuwa anaolewa Jumatano ile?"

"Watu wa mjini labda," nikasema.

Jioni ya siku yenyewe nilikwenda kukitoa kisutu. Nikaingia. Maji yalikuwa yametulia kabisa, hayajaguswa tangu juzi yake, unaona mpaka sakafu. Nilikusudia kuoga, nikashuka ngazi mbili nikarudi. Wakati wa chakula cha usiku kaka alizungumza kuhusu ng'ombe aliyeumia mguu. Nilimngoja aniulize. Hakuuliza. Alikuwa amesahau kama palikuwa na jambo. Nilimchukia usiku ule kwa kusahau kwake, kana kwamba yeye ndiye aliyetundika.

Ungedhani nilikwenda kwake kesho yake. Sikwenda. Nilipanga kwenda kila wiki, na kila wiki ilinipa sababu. Nikaacha kuoga birikani, nikasema kifua kinaniuma kwa baridi. Wengine waliendelea, maharusi waliendelea, na kila kisutu kilipotundikwa nilizunguka njia ya nyuma ya zizi. Nilikuwa mpole kwa watu, mpaka wakasema talaka imenifunza. Nilituma vitu kwake bila kusema vinatoka kwa nani, kibaba cha mchele, sukari, doti ya kanga. Havikunipunguzia kitu. Nadhani vilinizidishia, kwa sababu nilijifunza kwamba naweza kutoa kila kitu isipokuwa lile neno moja.

Mwaka uliofuata akaolewa na mtu mzima mfiwa, mfua vyuma, mtu mwema asiyekuwa na kadi ya mtu. Nilifurahi kwa dhati. Nikadhani Mungu amelipa kwa niaba yangu.

Akaja kwetu mwezi wake wa tisa. Kwa kawaida yetu mwanamke akikaribia kujifungua huzunguka kwa jamaa na majirani kutaka radhi, maana anakwenda mahala asikojua kama atarudi. Niliona tumbo kwanza, limejaa ukumbini, kisha uso. Tulikuwa hatujaonana ana kwa ana tangu ile kata ya maji. Nikamtandikia mkeka, akakataa kukaa kwa vile kuinuka kungemshinda, akaegemea nguzo.

"Dada, n'nakwenda kuvyaa," akasema. "Nakuja kutaka radhi. Nlikukosea kwa wali wa mama. Nliuota miaka yote hino. Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani," nikasema. "Na mimi nilikuacha kwako bila kula. Nisamehe na mimi."

"Lile dogo." Akatabasamu. Kisha akawa anachezea ncha ya mtandio wake, na nikaona kwamba la wali halikuwa ndilo lililomleta.

"Kuna lingine, dada, na hili ndilo zito. Siku ya kutoka eda, uliponiletea maji. Pale barazani nlifanya jambo baya. Jua lilikuwa linanichoma, nami nnasikia yule bibi harusi yumo ndani, katika maji, katika marashi, ana mume anamngoja. Nikamuonea kijicho. Nikamuapiza. Chini ya shuka, hakusikia ntu. Nlisema naye lije limfike kama lilonifika mie. Awe mjane kabla mwaka haujesha."

Nikainama nikaanza kuukunja mkeka aliokataa kuukalia.

"Silali, dada. Tangu mimba hino iingie silali. Naona kiapizo kitarudi kwangu, kwa huyu ntoto. Kaniudhi nini, ntoto wa watu, na siku yake ni moja? Wewe unanjua. Sitaki unambie ni nani, haiulizwi. Lakini nambie hilo tu, mumewe yu hai?"

Alikuwa ananitazama machoni. Uso wake ulikuwa umevimba kwa mimba na umechoka kwa kutolala, na nilikuwa nimeshika dawa yake mdomoni, maneno manne tu, hamkuwa na mtu ndani. Angenilaani, angetoka mlango ule asirudi, na usiku ule angelala. Nililiona hilo wazi kabisa. Nikafikiri, kisha atawaambia watu.

"Yu hai," nikasema. "Wazima wote wawili."

"Alhamdulillahi." Akafumba macho. "Alhamdulillahi. Basi nifikishie. Nitakie radhi yake."

"Namjua, hana kinyongo na mtu," nikasema. "Amekusamehe."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, akacheka. Akaushika mkono wangu, akaubusu badala ya mkono wa yule bibi harusi, akaenda zake taratibu kuwataka radhi majirani waliobaki.